Kabla Hujaniambia Niung'oe Usukani Uliopinda

Ombi ninalolisikia zaidi hapa Kibuye, Kisumu, kuhusu baiskeli za resi ni hili: "Fundi, nitolee hizi pembe, uniwekee usukani wa kawaida." Mtu amenunua baiskeli nzuri ya mtumba iliyotoka Uingereza au Uholanzi, ameikokota hadi kwangu, na hata kabla hajaijaza upepo anataka nitoe kitu ambacho baiskeli nzima imejengwa kukizunguka. Kazi ndiyo inayonilisha na siikatai ovyo. Lakini kazi hii huwa naijadili na mwenye mali kwanza, na kwa kuwa majadiliano yenyewe ni marefu, leo nayaandika. Anayetaka kununua resi, au aliyekwisha kuinunua na bado inamsumbua, asome kabla hajashika spana.

Ninachosema ni kwamba resi hutambulishwa na jinsi inavyomkalisha mwendeshaji. Tairi nyembamba unaweza kuzifunga kwenye baiskeli yoyote. Gia 21 ziko hata kwenye baiskeli za watoto wa shule. Lakini mgongo ulioinama, viwiko vilivyokunjwa, uzito wa mwili uliogawanyika kati ya kiti, pedeli na mikono, huo ndio uresi wenyewe, na kila chuma kingine kwenye baiskeli hiyo kimekaa kilipokaa kwa ajili ya mkao huo. Nao mkao huo uliletwa na upepo.

Mimi nilifundishwa na baba mdogo, ambaye maisha yake yote alitengeneza Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya mizigo, na bado naamini kwamba anayetaka kuielewa resi aanze na Mamba. Iwe Raleigh ya Nottingham, Hero ya Ludhiana au Phoenix ya Shanghai, Mamba iliundwa ibebe. Ina zaidi ya kilo 20. Bomba la mbele linaloshika foki limelala sana, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni zaidi ya mita 1.1. Breki zake ni vyuma virefu vinavyovuta vipira kuelekea juu ili vibane rimu kwa upande wa ndani. Usukani wake umerudi nyuma kumfuata mwenyewe, kwa hiyo unakaa wima kabisa, na kwa kuwa makalio ndiyo yanayobeba karibu uzito wote, kiti ni kipana na kina springi. Baiskeli hiyo imebeba magunia ya mahindi, kreti za soda, majeneza, na abiria waliovushwa mpaka wa Busia na Malaba miaka ile kabla pikipiki hazijachukua kazi. Siwezi kuidharau. Kwa mwendo wa kilomita 12 au 15 kwa saa, ikiwa na mzigo nyuma, hakuna baiskeli iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo.

Sasa ongeza mwendo. Ukifika kilomita 25 kwa saa kwenye barabara tambarare, kazi yako kubwa inakuwa kuisukuma hewa iliyo mbele yako. Na hewa haiongezi ukaidi kidogo kidogo. Mwendo ukiwa maradufu, hewa inakurudisha nyuma kwa nguvu mara nne, na misuli yako inatakiwa itoe nguvu mara nane ili kuishinda. Ndiyo maana mtu mwenye nguvu zake anaweza kuendesha Mamba kwa kilomita 18 kwa saa mpaka jioni, lakini akijaribu 30 anachoka kabla hajatoka mjini. Na katika huo upinzani wa hewa, baiskeli yenyewe haichangii sana. Karibu robo tatu ni mwili wa mwendeshaji: kifua, mabega, kichwa, shati linalopepea. Kwa hiyo waliotaka mwendo ilibidi waanze na mwili wa mtu.

Sisi watu wa Kisumu tuna mahali pazuri pa kulijua jambo hili bila darasa. Asubuhi na mapema hewa hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, nayo huwa pole. Kuanzia adhuhuri, jua likishaipasha ardhi, upepo hugeuka ukaja kutoka ziwani. Anayetoka Nyamasaria alfajiri kwenda Ahero na Awasi anaona barabara nyepesi. Akirudi saa tisa alasiri, kuanzia pale kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero anaupata upepo usoni, ukija kidogo kwa upande wa kushoto, na uwanda wa Kano hauna kilima cha kuuzuia. Nenda hapo na resi yako. Shika usukani sehemu ya juu, ukae wima kama mtu wa Mamba, ukanyage sawasawa. Halafu, bila kuongeza nguvu, shusha mikono kwenye sehemu iliyopinda, kunja viwiko, teremsha kidevu. Utasikia baiskeli inachukua mwendo chini yako. Miguu ni ileile na barabara ni ileile. Kilichobadilika ni ukubwa wa mlango unaoufungulia upepo.

Historia ya mchezo huu imejaa watu waliolielewa hilo kabla ya wenzao. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, Laurent Fignon wa Ufaransa alikuwa anaongoza kwa sekunde 50, na zilibaki kilomita 24.5 tu kutoka Versailles hadi Paris, kila mtu akipanda peke yake dhidi ya saa. Greg LeMond wa Marekani alikuja na usukani wa kuongezea uliomwezesha kuegemeza viwiko na kuikutanisha mikono mbele. Fignon alipanda kichwa wazi, nywele zimefungwa nyuma, mikono imetanuka. Mbio zilizokwenda zaidi ya kilomita 3,200 ziliamuliwa kwa sekunde nane, na aliyeshinda ni LeMond. Bila shaka alikuwa na miguu, lakini hata Fignon alikuwa nayo.

Ninayempenda zaidi ni Graeme Obree wa Scotland, kwa sababu yule ni fundi mwenzetu. Baiskeli yake aliiunda mwenyewe, na beringi za katikati, pale pedeli zinapozungukia, alizitoa kwenye mashine ya kufulia nguo, kwa kuwa alitaka miguu yake ipite karibu karibu. Usukani wake ulikuwa mfupi na wa ajabu, mikono ikikunjwa chini ya kifua hadi hakuna kiwiko kilichojitokeza. Mwaka 1993, kule Hamar, Norway, aliendesha kilomita 51.596 kwa saa moja na kuvunja rekodi ya Francesco Moser iliyokuwa imesimama tangu 1984. Mwaka uliofuata UCI, chama kinachosimamia mbio za baiskeli duniani, kiliupiga mkao ule marufuku. Kilikwisha kufanya hivyo tangu 1934 kwa baiskeli za kuendeshwa umelala chali, ambazo zilikuwa zinawashinda wengine. Kwa hiyo umbo la resi unaloliona leo, fremu ya pembetatu mbili na mtu aliyeinama juu yake, ni matokeo ya upepo kwa upande mmoja na kanuni kwa upande wa pili. Wahandisi wanafinyangafinyanga ndani ya mipaka hiyo.

Turudi kwenye usukani wako. Ule mpindo una mahali pa kushika patatu. Juu, karibu na shingo, kile chuma kinachoushika usukani, ni pa kupumzika na kupanda mlima taratibu, mapafu yakiwa wazi. Kwenye vifuniko vya mpira vya breki ndipo utakapokuwa muda mwingi zaidi, maana breki na gia ziko vidoleni. Chini kwenye mpindo ni pa kupigana na upepo, pa kukimbizana mwishoni, na pa kuteremka. Hili la kuteremka watu wengi hawalijui. Ukishuka kutoka Riat kuja Mamboleo, mikono ikiwa chini kidole kinafika kwenye ncha ya mkono wa breki, na hapo unabana kwa nguvu ndogo na kuzuia sana. Mwili nao umeshuka, baiskeli imetulia. Anayeogopa teremko hushika juu, mahali ambapo breki hazifiki vizuri, na ndipo hatari ilipo.

Sasa, ukisema nikutolee usukani huo nikuwekee mnyoofu, hesabu inaharibika. Aliyeunda fremu ya resi alijua kwamba mikono itatangulia mbele ya usukani kwa sentimita nane au kumi, kule kwenye vishikio vya breki, kwa hiyo bomba la juu alilifanya fupi. Baiskeli iliyozaliwa na usukani mnyoofu ina bomba la juu refu zaidi, kwa sababu mikono inaishia pale pale usukani ulipo. Nikihamisha tu, unabaki umebanwa, magoti yako karibu na viwiko, na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Mikono ya breki na ya gia nayo ni lazima ibadilishwe, na gharama inapanda. Mwisho unatoka na baiskeli isiyobeba kama Mamba na isiyokimbia kama resi. Wengi wanaosema usukani uliopinda unawaumiza mgongo, nikiwapima nakuta tatizo ni shingo ya usukani ndefu mno, au vishikio vya breki vilivyofungwa chini mno na mtu wa soko. Shingo fupi ya sentimita nane badala ya kumi na mbili, nati mbili tatu za kulegeza, na malalamiko yanaisha.

Fremu yenyewe inahitaji jicho. Bomba la mbele la resi limesimama, kama digrii 73, wakati la Mamba linalala hadi 68 au chini zaidi. Ekseli zake mbili zinaachana kwa mita moja au pungufu kidogo. Kwa sababu hiyo inageuka ukiegemea tu, hata hujapinda usukani, na ukisimama kukanyaga inaitika papo hapo. Kwa sababu hiyohiyo haipendi mzigo. Wanakuja vijana kuomba niwafungie karia kwenye fremu ya kaboni, na jibu langu ni hapana, hata wakiongeza pesa. Bomba za nyuma za kaboni zina nguvu ya ajabu kwa uelekeo zilioundwa kubeba, lakini klampu ya chuma ikizibana kwa ubavu zinapasuka, na ufa unaweza kuwa ndani usiuone. Fremu nyingi za mashindano hazina hata tundu la kufungia karia wala madigadi, na hilo linatosha kukuambia mwenye kuiunda alitaka nini.

Tairi. Hapa nina ugomvi na imani ya mtaani kwamba nyembamba ndiyo yenye kasi. Miaka mingi wakimbiaji walitumia tairi za milimita 23 zilizojazwa hadi ngumu kama mawe, lakini leo wale wakubwa kabisa wanatumia 28 na hata 30, na kwenye barabara za mawe za mbio za Paris–Roubaix wanatumia pana zaidi ya hapo. Kwa shinikizo lilelile, tairi pana hubonyea kwa urefu mdogo zaidi linapogusa lami, na kwa hiyo linapoteza nguvu kidogo. Zaidi ya hayo, kwenye barabara mbovu kila mtetemo unaopanda hadi mabegani ni nguvu ya miguu yako inayomwagika. Na barabara zetu tunazijua. Kama fremu yako ina nafasi ya 28, weka 28. Usizijaze mpaka 120 psi kwa sababu ubavuni imeandikwa kwamba zinaweza kufika huko. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi za 28 anatosheka na 70 hadi 80.

Ukienda kununua tairi, soma namba ubavuni, usiseme tu "nipe ya 28". Rimu ya Mamba ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, na ya resi ni 622. Zote mbili watu huziita inchi ishirini na nane, na moja haiingii kwenye nyingine hata upige magoti. Tafuta pameandikwa 622.

Na valvu. Tyubu ya resi ina valvu nyembamba, ndefu, yenye kinati kidogo kichwani. Ili iingie upepo ni lazima ukifungue kinati hicho kwa vidole hadi mwisho wa uzi wake, ukiguse kidogo chini kisikike "tss", ndipo uweke pampu. Ukimaliza unakifunga tena. Tundu lake kwenye rimu lina milimita 6.5, wakati la valvu nene kama ya gari ni 8.5. Nimeletewa rimu nzuri za alumini ambazo zimetobolewa kwa drili zipate kuingia valvu nene, kingo za tundu zimeachwa na makali yanayokata tyubu, na rimu imedhoofishwa pale pale ilipokuwa nyembamba. Hakuna haja. Kuna kikofia kidogo cha shaba unachokiskurubia juu ya valvu nyembamba, na pampu yoyote ya mjini, hata ya kituo cha petroli, inakubali. Nacho hakishindi bei ya sahani ya chakula. Kiweke mfukoni, kingine kwenye begi la spana.

Kuhusu gia nitatumia hesabu, kwa kuwa hesabu inaondoa mabishano. Mamba yenye meno 44 mbele na 19 nyuma inasogea kama mita 5.2 kwa kila mzunguko wa pedeli, mlimani na mteremkoni. Resi ya zamani ya mashindano yenye meno 53 na 39 mbele inaweza kwenda mita 10 kwa mzunguko ukiwa kwenye 11 nyuma, na gia yake nyepesi kabisa, 39 kwa 23, inakupa kama mita 3.5. Hiyo 3.5 ndiyo inayowatesa watu kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa. Wanadhani wao ni dhaifu, kumbe wamepanda baiskeli iliyopangiwa mtu anayelipwa kukanyaga. Badilisha mbele uweke 50 na 34, nyuma uweke kaseti, yaani fungu la sproketi, inayofika meno 32, na gia nyepesi inashuka hadi mita 2.2 hivi. Mlima ni uleule lakini sasa unaukalia na kuupanda. Uhakikishe tu kwamba kile kifaa cha kuhamisha cheni nyuma kina mkono mrefu wa kutosha kufikia meno 32. Vya zamani vingi havifiki.

Kuna wanaodhani gia ni uvivu. Waandaaji wa Tour de France nao walidhani hivyo. Mbio zilianza 1903, na hadi 1937 ndipo vifaa vya kuhamisha cheni viliporuhusiwa. Kabla ya hapo mtu alifika mguuni mwa mlima, akashuka, akalitoa gurudumu la nyuma na kuligeuza ili atumie sproketi ya upande wa pili. Leo gia zinakaa ndani ya mkono wa breki, jambo ambalo Shimano walilileta mwaka 1990. Kwenye mitumba ya kabla ya hapo utakuta viwiko viwili vidogo vya gia kwenye bomba la chini la fremu. Usiviogope. Havina kitu cha kuharibika, na ukizoea kunyoosha mkono chini vinafanya kazi miaka na miaka.

Uzito nitaupitia haraka, kwa sababu watu wanauzungumzia kuliko unavyostahili. Tangu mwaka 2000 kanuni ya UCI inasema baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8, yaani pakiti tatu za unga na kitu kidogo juu. Ni ajabu kuinua kitu hicho kwa vidole viwili. Lakini mwili wako na baiskeli kwa pamoja ni kilo 80 hivi, na ukipunguza kilo moja kwenye baiskeli, mlima wa nusu saa unakupunguzia kama sekunde 20. Kwenye uwanda wa Kano huoni tofauti. Kwa hiyo fremu ya chuma yenye kibandiko cha Reynolds 531, bomba zilizokuwa zikitengenezwa Birmingham tangu 1935, bado ni baiskeli ya heshima, na ikivunjika hapa Kibuye tunaijua kuiunga kwa shaba. Kaboni ikivunjika siigusi. Na wanaocheka jina la Raleigh kwa sababu ya Mamba wajue kwamba Joop Zoetemelk alishinda Tour de France ya 1980 juu ya Raleigh.

Naulizwa pia kama huu ni mchezo wetu. Swali hilo lilikwisha kujibiwa. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na alianza kufundishwa na David Kinjah kule Kikuyu. Suleiman Kangangi wa Eldoret alimaliza wa tatu Tour du Rwanda ya 2017, na tulimlilia mwaka 2022 alipofariki akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na akaivaa jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi zaidi, hadi mwisho. Septemba 2025 mashindano ya dunia yenyewe yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Kigali, ambako ukipanda basi hapa unafika.

Kama unakwenda kununua mtumba, chukua rula. Pima cheni: pini 24 zinazofuatana, kuanzia ya kwanza usiyoihesabu, ziwe inchi 12 kamili. Zikizidi kwa moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha na huenda imeshakula sproketi, kwa hiyo shusha bei. Tazama chini ya bomba la chini, karibu na pale linapoungana na bomba la mbele. Rangi iliyojikunja hapo maana yake baiskeli iligonga kitu. Kama ni kaboni, igonge kwa sarafu pole pole urefu wote, na mahali sauti inapobadilika ghafla ikawa butu, iache baiskeli hapo hapo. Jaribu kulisogeza bomba la kiti. La alumini likikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi hushikana, na kulitoa ni kazi ya siku nzima, pengine na msumeno. Na ukitaka kufungua mwenyewe beringi za katikati kwenye baiskeli ya Kiingereza, kikombe cha kulia kina uzi wa kinyume. Kinafunguka kwa kuzungusha kuelekea upande wa saa. Nimeona watu wakining'inia kwenye spana wakikikaza zaidi.

Lakini la kwanza kabisa ni saizi, hata kabla ya rula. Alikuja muuguzi mmoja na resi nzuri mno, kila kitu kimetunzwa. Shingo ilikuwa inamuuma na mikono inakufa ganzi. "Fundi, nimeambiwa nitazoea," akaniambia. Nikamsimamisha ukutani bila viatu, nikaweka kitabu katikati ya miguu kikigusa juu kabisa, nikapima hadi sakafuni: sentimita 76. Zidisha kwa 0.883 unapata urefu wa kiti kutoka katikati ya pedeli zinapozungukia, kama 67. Zidisha kwa 0.67 unapata saizi ya fremu, kama 51. Baiskeli yake ilikuwa 58. Tulipokishusha kiti hadi kikagusa fremu, bado kilikuwa juu. Nikamwambia, "Dada, hii hutaizoea. Iuze, utapata ya kwako." Hakufurahi, na mimi nilikosa kazi ya siku hiyo. Hakuna shingo ya usukani inayoweza kuokoa fremu iliyozidi kwa sentimita saba.

Na kama safari yako ni kutoka Kondele hadi Oile ukiwa na begi mgongoni, ukisimama kila hatua kumi kwa ajili ya tuktuk, huhitaji resi. Nunua ile yenye usukani mnyoofu tangu kiwandani, gurudumu za 622, tairi za 35, matundu ya karia. Ukiipenda barabara ndefu ya Awasi au ya Maseno, basi njoo na resi, usukani wake ukiwa umekaa ulipozaliwa. Vaa suruali na viatu unavyotarajia kuendeshea, nikupime, tuinue au tushushe vishikio, halafu uende nayo wiki mbili. Baada ya hapo, kama bado unataka niung'oe, nitaung'oa.